Gari Lililonuka Papa

Kwa zaidi ya miaka thelathini gari la baba yangu lilinuka papa, na mimi nilikuwa nikiona haya. Nalisema hili mapema ili msomaji asinihurumie kabla ya wakati.

Lilikuwa stesheni wagoni la Kimarekani, refu kupita kiasi, usukani kushoto, ubavuni limebandikwa kitu kilichofanana na mbao lakini si mbao. Aliliacha Mzungu mmoja aliyekuja Malindi kuvua samaki wakubwa, na baba alikuwa dereva wake. Watoto wa mtaani walikuwa wakituuliza kama mchwa hawalili. Lakini nyuma, ukilaza viti, palikuwa na nafasi ya kutosha jeneza, na hiyo ndiyo ikawa kazi yake ya kweli. Makaburi yetu yako mbali na msikiti, na mabega ya watu huchoka. Basi mtaa mzima ulikwenda kuzikwa nyuma ya gari la baba, tajiri na maskini, na hakumtoza mtu hata senti. Alikuwa akisema, "Na mimi n'takwenda na lili hili."

Siri ya gari hilo kudumu ilikuwa chini yake. Kwetu bahari iko karibu mno, hata misumari ya milango huliwa na kutu. Kila mwaka kabla ya masika baba alijilaza chali chini ya gari akalipaka mafuta ya maini ya papa, yale wanayopaka mashua. Paka wa mtaa walihamia humo wakawa wanailamba ekseli. Shuleni nilipewa jina la utani ambalo mpaka leo silitaji.

Kisha baba akapata kiharusi. Niliacha kazi Mombasa nikarudi kumuuguza, kwa sababu kaka yangu, anayekaa Kilifi, alikuwa na shughuli. Kaka yangu siku zote ana shughuli. Tangu hapo gari lilikaa miaka minne bandani bila kuwashwa, na kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma. Siku moja baba, upande mzima wa kulia umekufa, aliniambia kutoka kitini pake barazani, "Lifufue, mwanangu. N'nataka linipeleke."

Kwetu wanawake hatuendi makaburini kuzika. Nilijua tangu siku ile kwamba gari ndilo litakalomsindikiza baba badala yangu, nikalishika kama mtu aliyetukanwa.

Mwaka mzima nilikuwa na grisi kwenye kucha. Fundi wa injini, mzee mpole, alinifundisha kufungua kabureta, na bomba la rejeta tulilipata kwenye lori lililokufa huko Mariakani. Injini ilipowaka, baba alilia. Kaka aliniambia kwa simu kwamba mwanamke na gari bovu ni kupoteza wakati.

Ikabaki bodi. Fundi wa rangi alichungulia chini akaziba pua. "Dada, rangi haishiki juu ya mafuta haya. Toa yote." Nilifurahi kama niliyesubiri kuambiwa hivyo tangu utotoni.

"Usiyatoe," baba akasema.

"Baba, linanuka."

"Linanuka, lakini lipo."

Nikamjibu "sawa, baba" kama tunavyowajibu wagonjwa, nikafanya nilivyotaka. Siku tatu nilisugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, kisha nikaosha kwa maji ya kisima chetu. Kila mtoto wa Malindi anajua kwamba maji ya visima vyetu yana chumvi. Sabuni haitoi povu, chai haiyakubali. Mimi niliyekulia kwa maji hayo niliyamimina ndoo kwa ndoo katika kila upenyo wa chuma kile. Kisha nikapaka rangi nyeusi nzito juu yake, nikaifungia chumvi ndani, na sehemu ya nyuma nikatandika zulia jipya.

Likang'ara. Majirani walilipiga picha, na kaka akaja kutoka Kilifi kupigwa picha akiliegemea. Tukamweka baba kiti cha mbele. Alipapasa dashibodi kwa mkono wa kushoto, akavuta pumzi mara mbili.

"Mbona halinuki?"

"Nimelisafisha, baba."

Akaomba arudishwe kitini pake. Hakuliulizia tena. Nilimwona hana shukrani, na kwa wiki kadhaa nilimhudumia huku nimenuna. Najutia kununa kule zaidi ya ninavyojutia rangi.

Masika ya mwaka ule yalikuwa marefu. Yalipokatika, baba alifariki asubuhi moja, na kama ilivyo kwetu, ilibidi azikwe siku ile ile. Niliwasha gari mwenyewe nikalitoa bandani, uso ukaelekea lango. Wanaume wakalileta jeneza. Kaka akapanda nyuma ili alivute kwa ndani, na mguu wake ukatoboa zulia na bati ukaning'inia chini.

Walipofunua zulia, bati lilimeguka mikononi mwao kama biskuti. Chini kabisa palikuwa na rangi yangu nyeusi peke yake, haina cha kushikilia.

"Hili ndilo ulilokuwa ukishinda nalo?" kaka akaniuliza mbele ya watu wote.

Mkono wake haukushika spana hata siku moja, lakini alisema kweli, na sijamsamehe.

Hapakuwa na wakati. Ikaitwa pikapu ya jirani anayeuza makuti, hata kufagiwa haikufagiwa. Wakampakia baba juu ya mabaki ya makuti wakaondoka, na mimi nikabaki langoni na wanawake wenzangu.

Pale kwenye kona kuna tuta. Baba alikuwa akilipanda polepole mno, hata watu waliotembea nyuma ya gari wakasimama kumngoja, kwa sababu alisema maiti naye asitikiswe. Pikapu haikupunguza mwendo. Niliusikia mlio wa bati na mbao kutoka pale niliposimama, kando ya gari linalong'ara, lisilonuka chochote.