Ndege Iliyowahi Kuliko Saa ya Mama

Jamani, kazi ya mama yangu ukiisikia utacheka: anafukuza ng'ombe kwenye uwanja wa ndege. Sitanii! Ana filimbi, fimbo na koti la njano linalowaka hadi linaumiza macho. Uwanja wenyewe mdogo, uzio umelala upande mzima, na majani ya pembeni ya lami ndiyo matamu kuliko yote hapa kwetu. Ukiwafukuza ng'ombe mapema wanakuzunguka, wanarudi. Kwa hiyo mama anawaacha washibe kwanza, anawatoa ndege ikikaribia.

Atajuaje inakaribia? Kutoka uwanja wa mjini, ndege inakotokea, hadi huku ni kilomita mia mbili arobaini kwa angani, na kandege ketu ka kila siku, kale ka injini moja, kanatumia saa moja. Kakiruka kule, mjomba wa redio (sio wa damu, tunamwita tu) anachungulia dirishani: "Dada, imeruka!" Basi mama anakunywa chai yake bila presha.

Jumatano ile chai haikunishuka mimi. Baba alikuwa ndani ya hiyo ndege, anarudi kutoka kupasuliwa tumbo. Daktari alikuwa amesema asitikiswe, na kwa barabara yetu ni safari ya siku nzima, mashimo matupu.

"Imeruka!" mjomba akaita.

"Haya, tuna saa nzima," mama akasema. Akaniangalia. "Na wewe mbona umekaa kama umemeza kaa la moto? Kunywa chai."

Nikanywa. Ng'ombe walikuwa wamelala katikati ya lami, wanacheua, hawana habari na mtu.

Nusu saa imepita kidogo tu, nikasikia mngurumo. Mzito! Sio ule wa kandege ketu unaokohoa. Mama akasimama, kikombe kikaenda zake. Mjomba akatoa kichwa mpaka mabega.

"Dada! Wamebadilisha ndege! Wameleta ile kubwa ya injini mbili, rubani ndiyo kwanza ananiambia!"

Umbali ule ule, ila hii inakimbia karibu mara mbili. Na hakuna aliyetuambia.

"Mwambie asishuke!" mama akapiga kelele, tayari yuko mbioni.

Sijawahi kumwona akikimbia vile. Filimbi mdomoni, fimbo juu. Ng'ombe wakaamka mmoja mmoja, kwa mapozi, na mmoja mweusi akagoma kabisa. Ndege ikatokea juu ya miti, magurudumu nje. Nikafumba macho, nikafumbua, nikafumba tena. Injini zikapiga ukelele, ikainuka, ikapita juu ya mama hadi kitambaa chake kikaruka. Yule mweusi kusikia hivyo, mbio!

Ndege ikazunguka. Mama akarudi pembeni, anahema, ananong'ona, "Asitikiswe, asitikiswe jamani." Ikatua polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

Mlango ukafunguka. Akashuka mtu, akashuka mwingine, baba hayupo. Mama akanibana mkono mpaka vidole vikafa ganzi.

Halafu baba huyo, kiganja tumboni, ngazi moja moja.

"Rubani muungwana sana," akasema. "Kanizungusha makusudi nione nyumba yetu kutoka juu. Mke wangu, bati la nyuma limetoboka."

"Tutaliziba," mama akajibu, anampokea begi. Akanikazia macho: ole wangu nicheke.