Siku Niliyofunika Klavie kwa Gazeti

Chekeni sasa hivi mmalize, maana mimi nimeshaaibika vya kutosha, na hata leo nikipita karibu na bandari hapa Bujumbura natembea ule upande wa barabara usio na kivuli, ili tu makarani wanaopumzika kivulini wasinione.

Nilikuwa nafundisha wakimbizi wa Kongo kwa kujitolea (yaani bila mshahara, ila kwa majivuno mengi), Kiingereza na kompyuta, kwenye chumba kimoja huko Gihosha. Mwanafunzi wangu bora alikuwa Mama Amani, mjane wa kutoka Uvira, aliyekuwa anaandika bila kutazama vidole, jambo nililolitangaza hadi kwa muuza makaa. Basi Hadji mmoja, wakala wa forodha pale bandarini, akawa anatafuta mtu wa kumwandikia barua za Kiingereza, na Mama Amani, ambaye watoto wake watatu walikuwa wanakula kwa jirani, akaitwa kujaribiwa. Angeenda peke yake yote yangekuwa salama, lakini nikasema namsindikiza.

"Anajua kweli?" Hadji akauliza ofisini kwake, mama akiwa ameshakaa mbele ya kompyuta.

Ningenyamaza tu. Badala yake nikachukua gazeti mezani, nikafunika klavie (yaani kibodi) pamoja na mikono ya mama, kisha nikawaita makarani waje waone maajabu.

Mama Amani akaandika mbio. Alikuwa anaandika "My name is Mama Amani". Skrini ikatoa: "?y nq,e is ?q,q Q,qni".

"Iyi ni Kiingereza ya wapi?" Hadji akauliza kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza.

Nikasema mama ana woga tu, nikamwinua, nikakaa mimi (gazeti nikaliacha palepale, oneni akili yangu), nikaandika kwamba mimi ni "teacher". Ikatoka "teqcher", na karani mmoja akaisoma kwa sauti, akarudia.

Hapo ndipo nikakumbuka. Kompyuta za darasa letu zililetwa na wafadhili wa Kiingereza, na mimi mwenyewe nilijifunzia Kigoma, lakini klavie za maofisi ya hapa ni za Kifaransa: A imekaa mahali pa Q, na M imehamia kabisa. Mji mzima unajua. Nikaanza kumweleza Hadji, nikaanzia kwa wakoloni, hadi Mama Amani akanigusa bega. Nikajichukia kweli.

"Mwalimu, simama. Umenisaidia ya kutosha."

Akaondoa gazeti, akatafuta herufi mojamoja kwa kidole kimoja, barua nzima, nusu saa. Kiingereza chake kilikuwa safi (hicho nilimfundisha mimi, ila sikuona ni wakati wa kulisema).

Hadji akaisoma mara mbili.

"Mama, ukuje lundi, Jumatatu hii, vidole vitazoea. We mwalimu, usikuje."

Tangu hapo mwanafunzi wangu akiitwa kazini mimi namwombea dua nikiwa nyumbani, na mlango naufunga.