Leo koko amekikosa kichwa changu

Leo bibi yangu ameniona vizuri, kisha akakikosa kichwa changu.

Kwetu Handeni, sisi wafugaji, mtoto hampi mkubwa mkono. Unainamisha kichwa, naye anakigusa. Ndiyo shikamoo yetu.

Koko, ndivyo tunavyomwita bibi, amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho hapa Korogwe. Jicho moja tu. Daktari alisema la pili lifuate hili likishapona, lakini mimi nilipinga. (Kazi hii yangu ya ukarani! Nasoma kila karatasi ya tahadhari za upasuaji hadi usingizi unakatika.) Nilimwambia, "Koko, moja linatosha."

Asubuhi bandeji ikatolewa. Akanitazama weee.

"Umekonda. Huku mjini hamli?"

Nikacheka, nikainamisha kichwa.

Alipokuwa haoni, alikuwa akipapasa bega langu taratibu mpaka akifikie kichwa. Leo aliliamini jicho lake, akanyoosha mkono moja kwa moja.

Ukashika hewa.

Akajaribu tena. Hewa tena.

"Linakuona," akasema polepole, "ila halijui uko mbali kiasi gani."

Nikasogea mpaka kiganja chake kikatua utosini. Machozi yalinitoka. Nashukuru nilikuwa nimeinama.

"Na la pili nalitaka," akasema. "Siku hiyo wewe kaa nje na woga wako. Mimi nitaingia."

Nimekubali.

Mliowahi kumsubiri mzee wenu nje ya mlango wa chumba cha upasuaji, niambieni: mikono yenu mliiweka wapi?