Waya wa Heldur Kwenye Roshani Yangu

Heldur Tamsalu alitengeneza lifti kwa mshahara na televisheni kwa mapenzi, na mimi kwa miaka minne sikumpenda hata kidogo. Nasema mapema, mtu asije akadhani nilikuwa jirani mwema. Yeye alikaa ghorofa ya tatu, sisi ya nne, katika zile nyumba za zege za Mustamäe, mtaa wa Tallinn. Waya wa antena yake ulitoka juu ya paa, ukakatiza roshani yangu, ukashuka kwake. Waya bapa kama utepe wa nywele, na ole wangu niuguse. Nguo mbichi zikiugusa tu, picha ya Helsinki inavurugika, na Heldur huyo anapanda ngazi na kandambili zake: mama Triinu, tafadhali, nusu saa tu, habari zinaanza.

Tallinn nzima ilitazama Wafini wa ng'ambo ya bahari, ijapokuwa Moscow iliyotutawala haikupenda, tusidanganyane. Televisheni zetu zilihitaji kifaa kidogo ili zishike sauti yao, na nusu ya ngazi yetu ilikuwa na kifaa alichokilehemu Heldur jikoni kwake. Jina la kifaa hicho hatukulitaja. Tulisema Heldur ameitia televisheni dawa. Ratiba ya vipindi ilipita mkono kwa mkono, imenakiliwa kwa penseli.

Sisi wengine tulitazama sinema. Heldur alitazama habari, daftari magotini. Kila ukurasa aliugawa safu tatu, Moscow, Tallinn na Helsinki, akaandika kila mmoja amesema nini, kisha akazungushia duara kilichokosekana kwa mwenzake. Siku moja nilimuuliza anatafuta nini hasa. Akanijibu kwamba serikali ikitaka kudanganya haihangaiki kutunga, inaruka tu, kama mtoto anayesoma kwa sauti na kuruka neno gumu. Yeye anahesabu yaliyorukwa. Akacheka peke yake, nami nikaona huyu ana walakini kichwani.

Aprili ya mwaka 1986 alikuwa amenifika hapa shingoni. Triinu alikuwa na miezi saba, nepi beseni zima kila siku. Nikamwandikia barua mwenyekiti wa nyumba: mita nne za waya usio na kibali wa Heldur Tamsalu zinanizuia kuanika nguo za mtoto. Nikaitia mkobani niipeleke baada ya Mei Mosi. Kila aliyeishi wakati ule anajua barua kama ile ingemfikisha wapi mtu mwenye daftari kama lile. Nami nilijua, na bado nikatia sahihi.

Siku mbili kabla ya sikukuu akabisha hodi. Nilidhani ni waya tena. Kumbe alikuja kuniambia nisianike nje, nifunge madirisha, na maziwa mabichi ya sokoni nisimpe mtoto, kwa sababu Wafini wameonyesha ramani ya upepo unaotoka Chernobyl, ambako kinu cha nyuklia kimelipuka. Nikamwambia kungekuwa na hatari redio yetu ingesema. Hakubishana. Akafungua daftari tu: safu ya Helsinki imejaa hadi ukingoni, ya Moscow mistari miwili, ya Tallinn gwaride na jua. Nilimfungia mlango kwa kishindo. Kisha nikaenda roshani nikaanua nepi zote, na tangu siku hiyo nikaanikia jikoni.

Wiki moja baadaye wanaume wakaanza kuchukuliwa. Waliambiwa ni mazoezi ya askari wa akiba. Kalju wa ghorofa ya kwanza, dereva wa lori la mkate, walimbeba kutoka kazini na koti lake jeupe. Raivo, mume wangu, aliendesha tingatinga na alikuwa katika akiba. Heldur akamvuta pembeni pale ngazini. Mazoezi gani haya, akamuuliza, yanayotaka malori na matingatinga na hayataki bunduki? Akamshauri apande treni ya alfajiri, aende kwa shangazi yake kijijini, Setomaa. Wito lazima mtu autie sahihi kwa mkono wake, na asiyeonekana hatii sahihi.

Jioni hiyo hiyo, mfuko wa Raivo umeshafungwa, akashuka kwa Heldur kusikiliza habari za mwisho. Saa mbili unusu, jua bado lipo. Nikasikia hodi. Ofisa wa jeshi na polisi mmoja wanamtaka Raivo. Nikasema amekwenda ziwa Peipsi kuvua. Ofisa akaangalia buti za kuvulia zilizosimama mlangoni. Akapita sebuleni, akatoka roshani, akaushika waya kwa vidole viwili, akaufuata kwa macho hadi chini.

"Huu unakwenda kwa nani, mama?"

Barua yangu ilikuwa mkobani, hatua mbili tu, na jibu lake lote limo. Nikabeba beseni la nepi kutoka jikoni.

"Wangu. Wa kuanikia. Hebu nipishe baba, mtoto hana kikavu."

Nikatundika ya kwanza, ya pili, hadi ya saba, maji yakichuruzika juu ya buti zake. Akarudi nyuma. Waliondoka wakisema watakuja kesho, na walipokuwa wakishuka nikawasikia wanabisha kwa Heldur. Nilikaa sakafuni roshani pale pale, nikalia kama mtoto.

Lakini walimkuta peke yake, anakula mkate na dagaa, televisheni imezimwa. Raivo alinisimulia baadaye. Picha ilipovurugika Heldur aliinuka kwa hasira kutafuta kandambili, kisha akasimama ghafla. Mkeo Maimu ameacha kuanika nje, akasema, ananisikiliza huyu mwanamke. Akianika leo, kuna jambo. Akamteremsha Raivo kwenye stoo ya viazi chini ya jengo. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Yangu ilikuwa ghorofa moja, ikatosha.

Raivo alikaa Setomaa wiki tano. Kalju alipelekwa kusafisha Chernobyl, akarudi, na hakuishi miaka kumi. Kila ninaposhukuru namkumbuka Kalju.

Barua nilimpelekea Heldur mwenyewe, nikamsimulia na nilivyomjibu ofisa. Nilitaka anitukane. Aliisoma amesimama.

"Umeandika vizuri, mama Triinu. Ila si mita nne. Ni sita na nusu."

Akaniomba abaki nayo.

Amefariki majira ya baridi yaliyopita. Dada yake ameniletea daftari la mwaka ule. Barua yangu imebandikwa ndani, na ile nne imesahihishwa kwa wino. Nikatafuta ukurasa wa jioni yetu. Moscow: mazoezi. Tallinn: kimya. Helsinki: picha imevurugika, saa mbili na dakika thelathini na tano. Pembeni amechora kwa rula safu ya nne, nyembamba, ambayo haipo katika ukurasa mwingine wowote: "Maimu: waya ni wa nguo." Maisha yake yote alihesabu uongo wa wakubwa, na wangu pia aliuandika. Chini yake ameongeza neno moja, ahsante, wakati mimi ndiye niliyepaswa kumwambia.