Diski Moja, Watu Wawili Wasiosalimiana

Umurerwa na kaka yake Sebahire walikuwa wakiishi nyumba moja kule Mbugangari, na tangu mama yao azikwe hawakuwa wakisalimiana. Sebahire alikuwa mpiga video za harusi. Siku ya maziko alipiga picha tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akaiweka video mtandaoni, na chini ya picha ya jeneza la mama yao jina la studio yake na namba ya simu vikawa vinapita. Umurerwa aliiona akiwa kazini, katika ofisi ya forodha alikokuwa karani. Kuanzia siku hiyo hakumwita tena yaya, yaani kaka mkubwa. Akawa anamwita Sebahire, kama mtu wa njiani.

Kitu pekee walichotumia pamoja ni kompyuta ya sebuleni, ambayo mjomba wao aliituma kutoka Ulaya. Sebahire alihariri harusi zake humo. Umurerwa naye alianza kusomea kazi ya mitambo ya mtandao, na mwalimu akamwambia hataweza kuendelea bila mfumo wa kompyuta uitwao Linux. Akaamua kuuweka kando ya Windows, mfumo uliokuwamo tayari, diski igawanywe, kila mfumo ukae upande wake.

Alichagua Jumamosi, baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa. Sebahire aliingia na jembe lenye matope, akamkuta amechomeka flashi.

"Unafanya nini pa mashine yangu?"

"Mujomba alituma ya nyumba. Nagawa diski. Acha nikopie vitu yako kwanza, kama kitu ikiharibika isikupotee."

"Usiguse mavideo yangu. Mi sikuamini."

"Bon. Umekataa, nimesikia."

Alibonyeza kuendelea. Programu ikaanza kuipunguza sehemu ya Windows ili ipatikane nafasi. Kwenye kioo kulikuwa na onyo: usizime mashine. Umurerwa akaenda uani kuipua maharage. Aliporudi, kioo kilikuwa cheusi, na Sebahire amesimama kando ya ukuta, waya wa umeme mkononi.

"We ni mujinga?" Umurerwa alisema. Sauti yake haikupanda. "Ilikuwa inasogeza vitu yako. Yako, si yangu."

Sebahire aliurudisha waya, akawasha. Windows haikufunguka. Akawasha tena na tena, huku akimtukana dada yake kwa Kinyarwanda, matusi ambayo mama yao asingeyavumilia ndani ya nyumba ile.

Kesho yake baada ya misa alikuja Isimbi, bibi harusi kutoka Rubona, kuchukua video yake. Sebahire hakusita.

"Dada yangu ameharibu mashine. Muulize yeye."

"Muulize nani alitoa waya," Umurerwa alijibu.

Isimbi aliwatazama wote wawili. "Mi sitaki kujua nani. Nataka harusi yangu."

Umurerwa hakumhurumia kaka yake hata kidogo, ila yule binti hakuwa na kosa. Aliiwasha kompyuta kwa flashi, bila kupitia Windows, akaweka programu ya kuokota mafaili yaliyopotea. Kazi ilimchukua juma zima, kila alipotoka ofisini. Mafaili yalirudi kwenye diski ya nje aliyoiazima, bila majina, kwa namba tu, hivyo ilimbidi afungue moja baada ya jingine. Kati yake alikuta maziko ya mama. Kidole kilikaa juu ya kitufe cha kufuta. Akamwona mama akishushwa, akajiona mwenyewe ameshikwa na majirani. Akaliacha faili hilo pamoja na yale mengine, akiwa na hasira kuliko kabla.

Sehemu ya kanisani ya harusi ya Isimbi ilipatikana yote. Gusaba, sherehe ya kumwomba binti kwao, ilikatika pale baba yake aliposimama kutoa maneno. Umurerwa alimpelekea video hiyo mwenyewe huko Rubona, akamwambia ukweli wote.

Isimbi alitazama hadi pale picha ilipoganda. "Baba yangu hasemake mbele ya watu," alisema. "Siku ile alisema." Hakutoa asante, wala hakumkaribisha kukaa. Ila alipiga simu kwa ndugu zake wote kuwaeleza, na msimu ule Sebahire hakupata harusi hata moja upande wa Rubona.

Umurerwa aliisafisha diski, akaweka mifumo yote miwili upya, nusu kwa nusu, na neno la siri kila upande. Sebahire aliichukua nusu yake bila kuuliza kitu. Mitihani ilipoisha, Umurerwa akapata kazi ya mitambo ya mtandao katika hoteli moja ya kando ya ziwa, akahama.

Miezi ilipita, kisha simu ikaita.

"Hii upande yako ya huku, naitoa namna gani?" Sebahire aliuliza, bila salamu. "Donc, mi nahitaji nafasi."

Umurerwa alikuwa mezani. Aliiweka simu kifudifudi kando ya sahani, akaendelea kula, huku sauti ya kaka yake ikiita "Alo? Alo?" mpaka ilipochoka.