Niliandika Kwamba Anaoga Mwenyewe

Mume wangu hajawahi kuidanganya mahakama. Mimi ndiye niliyeidanganya, kwa mkono wangu, kwa jina lake. Imepita zaidi ya miaka kumi na sijamwambia mtu. Leo naisema, maana imenishinda kukaa nayo.

Mimi ni Mtanzania, mtu wa Morogoro. Mume wangu ni Mkongo wa Likasi. Tulikutana hapahapa Brussels, Ubelgiji, kwenye kwaya, tukaoana, tukapanga mtaa wa Schaerbeek, ghorofa ya tatu, nyumba isiyo na lifti. Mungu akatupa binti, Debora. Nyumbani mimi ni Mama Debora, naye ni Baba Debora. Nitamwita hivyohivyo.

Baba Debora alizaliwa na siko seli, ule ugonjwa wa damu. Nilimkubali nayo, sikufichwa kitu. Lakini alipokaribia miaka arobaini, mfupa wa nyonga ukaanza kufa kwa kukosa damu. Kuna siku anashuka na gongo moja la kutembelea, anafika mpaka kituo cha tramu, anasalimia kila mtu. Kuna siku hata shuka likimgusa analia.

Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha. Mimi ndiye niliyekuwa namvalisha soksi na suruali. Miaka mitatu! Kumbukeni hapo, maana ndipo dhambi yangu ilipo.

Aliomba posho ya watu wenye ulemavu, wakamkatalia. Daktari wao alimwona siku nzuri, akampa alama chache, hazikutosha. Tukakata rufaa kwenye mahakama ya kazi, ndiyo inayosikiliza kesi za posho huku. Tukapata wakili wa bure, dada mmoja mwembamba mwenye haraka, lakini kazi yake aliijua. Akatuambia wazi: "Itachukua muda. Nitamwomba jaji ateue daktari wa mahakama amwone upya. Ninyi ngojeni. Msipeleke karatasi yoyote popote bila kunipigia simu."

Baba Debora akaitikia, "Sawa, maître," kama mawakili wanavyoitwa huku. Na mimi nikaitikia. Kwa mdomo!

Kesi ikaahirishwa. Ikaahirishwa tena. Nilikuwa nasafisha ofisi tangu alfajiri, namwacha kitandani na chupa ya chai. Nikirudi namkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mguu mmoja ndani ya suruali, mwingine nje, amechoka kujaribu. Ningoje nini tena?

Siku moja nikamlilia rafiki yangu wa mtaa wa Etterbeek, nimwite Salma, Mtanzania mwenzangu. Akanitazama kama mtoto mjinga.

"Kwani wewe unangoja nini, shoga? Jirani yangu alikataliwa kama nyie. Akapeleka ombi jipya, miezi mitano tu, kapata! Hiyo rufaa iacheni iende zake huko."

"Wakili amekataza."

"Wakili ndiye anayemwogesha mumeo?"

Neno hilo likaniingia. Simlaumu Salma. Alinionea huruma tu. Mwenye masikio mawili, aliyemsikia na wakili, nilikuwa mimi.

Nikaenda kuchukua fomu. Nikaijaza jikoni, kamusi pembeni. Mahali fulani waliuliza: ni kitu gani kimebadilika tangu uamuzi uliopita? Kalamu ikasimama. Ukweli ni kwamba hakuna kilichobadilika. Nyonga ni ileile, maumivu ni yaleyale. Walikosea tangu mwanzo, ndiyo maana tulikata rufaa! Lakini nikajiambia, nikiandika hivyo wataitupa.

Basi nikaandika, kama vile ni yeye anayesema: "Mpaka majira ya baridi yaliyopita niliweza kuoga, kuvaa na kupika mwenyewe bila msaada wa mtu. Tangu hapo hali yangu imeharibika sana."

Nikaisoma mara mbili. Nikajisifu Kifaransa changu kimenyooka. Mjinga mimi! Mjinga!

Nikampelekea kitandani. "Weka saini hapa, ni karatasi za bima."

Hakutafuta hata miwani. "Weye njo unajua mambo ya papiers," akasema, yaani mimi ndiye mjuzi wa karatasi, akaweka saini, akanirudishia kalamu.

Wiki zikapita, ikaja barua ya kumwita kwa daktari. Akaigeuzageuza. "Hii ni ya nani? Maître hakusema kitu."

"Ni ya kuharakisha mambo ya rufaa yetu."

Akanitazama kidogo. "Bon. Tukwende."

Alikuwa ananiamini, jamani.

Siku yenyewe ikaangukia siku nzuri. Na mnawajua wanaume wa kule kwao, hawatoki nyumbani bila shati lililopigwa pasi! Nikampigia pasi. Nikampigia viatu rangi. Nikapiga magoti kwenye ngazi nikamfunga kamba za viatu. Daktari akamuuliza maswali ya robo saa. Baba Debora akajibu kwa adabu, kila swali "ça va, docteur, ninajikaza," yaani hajambo. Nilikuwa nimekaa palepale, namwacha ajibu hivyo.

Majibu yakaja: amekataliwa. Daktari ameandika kwamba mgonjwa amefika nadhifu, amevaa vizuri, viatu vimefungwa. Kamba nilizofunga mimi!

Barua ile niliipokea mwenyewe, nikaificha chini ya nguo za ubatizo za Debora. Nikajifariji: rufaa bado ipo. Haijaguswa.

Haijaguswa!

Siku ya kesi ikafika. Tukiwa kwenye korido ya mahakama, wakili akatujia mbiombio, karatasi mkononi, uso umebadilika. "Upande wa pili, wale wa posho, wameleta nyaraka mpya. Monsieur, ulipeleka ombi jingine?"

"Apana, maître," akasema Baba Debora. "Minangoja tu, vile ulisema."

Nilikuwa nimesimama kati yao. Hapo ndipo ningeweza kusema. Mlango wa chumba ulikuwa bado umefungwa. Ningesema "ni mimi," wakili angeomba muda, angejua la kufanya. Mdomo haukufunguka. Tukaitwa.

Mtu wa upande wa pili alisimama, wala hakupaza sauti. Akasema: huyu bwana anaiambia mahakama kwamba tulipomkatalia alikuwa tayari hawezi kuoga wala kuvaa. Lakini yeye mwenyewe ametuandikia kwamba wakati ule aliweza. Kisha akayasoma maneno yangu. Yote. Kifaransa changu kilichonyooka.

Jaji, mama mmoja mwenye mvi, akampa karatasi. "Monsieur, hii ni saini yako?"

Akatafuta miwani mfukoni. Akaivaa. Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Kisha akageuka akanitazama, mara moja tu. Niliona amejua.

Angeweza kusema, mke wangu ndiye aliyeandika. Maneno machache tu!

Akasema, "Oui, madame la juge. Ni saini yangu."

Wakili alijitahidi, akaomba daktari wa mahakama, akaeleza ugonjwa unakuja na kuondoka. Nilimwona jaji anaandika, hainui kichwa.

Tulipotoka nje alikaa kwenye benchi. Sikuthubutu kukaa naye.

"Njo weye uliandika ile?"

"Ndiyo."

"Juu ya nini haukuniuliza?"

Nililia. Akaniacha nilie.

"Mama Debora," akasema, "mi niko mugonjwa, ile bantu bote banajua. Lakini mbele ya ile juge sasa niko muntu wa bongo." Kwao bongo ni uongo.

Hukumu ikaja kwa posta. Tumeshindwa. Mahakama haikuona sababu ya kuteua daktari, kwa kuwa mlalamikaji mwenyewe alikiri kwamba aliweza. Nikaenda peke yangu kwa wakili, nikamwungamia kila kitu, nikamwambia niko tayari kuapa kwamba ni mimi. Akashika paji la uso.

"Madame, ungenipigia simu tu." Kisha akasema tunaweza kwenda mahakama ya juu, lakini mume wangu ndiye anayepaswa kutaka. Na alitaka nijue kwamba wataniuliza: ulidanganya ulipoandika, au unadanganya sasa?

Baba Debora alikataa. "Nirudi kule banisome tena? Apana."

Nikamsihi. Nikamtuma mchungaji. Apana. Muda wa kukata rufaa ukapita, ukaenda na kila kitu.

Lakini hayo siyo yanayonimaliza. Asubuhi baada ya hukumu nilichemsha maji kama kawaida, nikachukua taulo na kitambaa, nikaenda kumwinua. Akaniondoa mkono, taratibu, bila hasira.

"Acha. Papier inasema ninaoga mi mwenyewe."

Nilidhani ni uchungu wa siku moja. Siyo. Ni mpaka leo. Anajikokota, anashika ukuta, anaingia, anafunga kitasa. Anakaa saa nzima. Nasikia ndoo, nasikia anapumua, kuna siku nasikia kitu kizito kimeanguka, nagonga mlango kwa ngumi mbili.

"Baba Debora! Umeumia?"

"Ça va."

Ni hilo tu. Hanitukani, hanipigi, hajamwambia mtu hata wa ukoo wake. Chakula changu anakula, ananishukuru. Ila mwili wake hanipi tena. Nami nasimama nje ya mlango ule, mtu mzima, sina la kufanya!

Ndugu zangu mlio huku ughaibuni mnaoishi kwa barua na fomu, na mlio na rufaa mezani: kungoja kunauma, najua kuliko ninyi. Lakini usianzishe jambo la pili kabla hujamuuliza anayelishika la kwanza. Ulichoandika huku kitasomwa kule, tena na mtu usiyempenda. Na mwisho wa yote, kama unamjazia mwenzio, mume, mama, jirani, msomee. Mstari kwa mstari, hata akikwambia anakuamini. Hasa akikwambia anakuamini.

Mimi sikumsomea. Nilimpa kalamu tu.