Anti Jerusha Amemwangusha Bianca na Bado Ana Wivu

WEEE! Anti yangu Jerusha amemwangusha Bianca Torresan! Chali! Mbele ya watu! Niko na video, nimeiangalia hadi simu imechemka.

Kama humjui Bianca, ni yule Muitaliano wa judo. Alipata medali, kisha akaingia kwa TV, kwa matangazo ya chokoleti, saa hii ako na mafolowa kushinda watu wa Doha yote. Anti naye ni soja wa hoteli, analinda geti, tunaishi Al Mansoura hapa Doha. Zamani alicheza judo Nairobi, wakamchagua aende ng'ambo, goti likakataa. Sasa kila Ijumaa anafunza watoto wa Wakenya kwa ukumbi mdogo kule Al Thumama. Hiyo klasi ndiyo roho yake.

Lakini wivu! Ukimtaja Bianca anasonya. "Hiyo si judo, hiyo ni nywele." Halafu Brandon, mwanafunzi wake mtundu kabisa, akamwambia, "Anti, Bianca hafanyangi hivyo." Siku hiyo ugali ulisongwa kama umemkosea.

Mwezi uliopita Bianca akaja Doha kuonyesha watoto judo, na ikaangukia Ijumaa. Kwetu hakuna mtoto alikuja, wazazi wote waliwapeleka huko. Anti akakaa kwa mkeka akifunga na kufungua mshipi wake. "Daisy, wakimpenda huyo, hawarudi." Kisha akasimama. "Twende. Naangalia tu."

Kuangalia gani! Bianca aliomba mtu mzima wa kumsaidia, na watoto wetu wakapiga nduru, "Anti Jerusha!" Sasa, kwa judo ukiitwa mbele hivyo kazi yako ni kuanguka. Ndiyo heshima, mwenye kuonyesha ndiye anarusha. Wakainamiana. Bianca akamshika kola, akaingia kumrusha, na Anti akakataa kuanguka. Akazunguka, akavuta, puu!

Anti akashika mdomo. "Woi! Pole, dadangu. Nilifaa kuanguka mimi."

Bianca alikuwa amelala hapo akicheka mpaka machozi. Akasema kwa Kiingereza cha kuokoteza, "Tena! Waonyeshe!"

Ijumaa iliyofuata klasi ilijaa, hata watoto hatuwajui. Brandon ndiye alifika wa kwanza. "Kochi, tufunze ile ya kumwangusha Bianca." Kochi! Hajawahi kumwita hivyo.

Ungedhani Anti ametulia. Wapi! Video iko kwa ukurasa wa Bianca, na maoni yote ni, "Bianca hana maringo jamani," "Ona vile Bianca anaanguka vizuri." Jana Anti alikuwa anayasoma na chapati mkononi, amefura.

"Nimemwangusha mimi, sifa anabeba yeye! Mimi wananiita 'yule mama'!"

Na ni ukweli, jina lake haliko popote. Anaitwa Jerusha Moraa. Tafadhali watumie wenzako hii.